Maiti Haulizwi Sanda: Tathmini ya Huduma za Mazishi ya Kiyahudi Jijini New York

Baba mkwe wangu alifariki Jumatano jioni, katikati ya mwezi wa Novemba, katika hospitali moja ya Brooklyn, akiwa na umri wa miaka 81, na kabla ya saa nne usiku kazi ya kumzika ilikuwa imeshaniangukia mimi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa na kulelewa katika Uislamu, na Kiebrania ninachokijua ni kile cha mezani tu; lakini katika sheria ya Kiyahudi wafiwa ni saba, yaani baba, mama, mwana, binti, kaka, dada, na mume au mke, na mkwe hayumo. Mke wangu, kaka yake na mama yao walikuwa wameingia katika kipindi cha kati ya kufa na kuzika, ambapo mfiwa huondolewa hata wajibu wa sala, na hakuna anayetarajia kwamba atakuwa na utulivu wa kusoma mkataba. Aliyebaki na utulivu huo nilikuwa mimi. Hata kwetu mkwe akifika msibani hasubiri kuambiwa ashike jembe.

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili walioko Marekani, kwa kuwa wapo miongoni mwetu waliooa au kuolewa katika familia za Kiyahudi, na wapo wanaouguza wazee wa Kiyahudi majumbani mwao kwa miaka hadi wakawa kama wazazi, nao siku moja wataulizwa maswali mawili niliyoulizwa mimi usiku ule: tumzike wapi, na nani atamwosha? Kampuni na ofisi zilizotukera sitazitaja. Makaburi tuliyoyachagua nayo sitayataja kwa jina, kwa sababu mama mkwe yu hai na mahali pake pale pameshawekewa alama.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kalenda. Wayahudi, kama sisi watu wa pwani, hawapendi maiti alale juu ya ardhi, na kama ingewezekana wangezika siku hiyo hiyo. Lakini hawaziki siku ya Sabato wala siku ya sikukuu kubwa. Novemba jua la New York huzama kwenye saa kumi na nusu jioni, na Sabato huingia kabla ya hapo, kwa hiyo mtu aliyefariki Jumatano jioni ana nafasi mbili tu zenye busara: Ijumaa asubuhi au Jumapili. Jumapili ingempa shemeji yangu, aliyekuwa Los Angeles, muda wa kupumua. Lakini karibu kila ofisi ya makaburi niliyoipigia simu ilisema kwamba kuchimba kaburi siku ya Jumapili kuna malipo ya saa za ziada, na mama mkwe alisema kwamba haoni sababu ya kumwacha mumewe akisubiri siku nne kwa ajili ya tiketi ya ndege. Shemeji alipanda ndege ya usiku. Tulichagua Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, na hivyo nikawa na siku moja tu, Alhamisi, ya kufanya kila kitu.

Waswahili husema kufa kufaana, na biashara ya mazishi ya Marekani imejengwa juu ya neno hilo. Huku mtu hawezi kumchukua marehemu wake hospitalini, akamwosha nyumbani na kumpeleka makaburini kwa gari la jirani. Katika jimbo la New York lazima pawepo msimamizi wa mazishi mwenye leseni. Bahati nzuri ni kwamba tangu mwaka 1984 ipo kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayoilazimisha kampuni ya mazishi kutaja bei kwa simu kwa yeyote anayeuliza, na kumpa anayefika ofisini orodha ya bei iliyoandikwa, kitu kimoja kimoja, aondoke nayo. Kanuni hiyo hiyo inampa mteja haki ya kununua jeneza mahali pengine bila kutozwa faini, na inaikataza kampuni kudai kwamba sheria inamlazimisha kumtia maiti dawa ya kuzuia kuoza wakati sheria haisemi hivyo. Wayahudi wanaofuata desturi hawatii maiti dawa hizo kabisa, na jimbo la New York haliwalazimishi.

Niliipigia simu kampuni ya kwanza, na mwanamke aliyepokea akaniambia kwa sauti ya upole mno kwamba mambo ya bei huzungumzwa uso kwa uso. Nilikata simu. Kampuni ya pili ilitutajia bei, tukaenda, na hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo limenifanya niandike haya yote. Chumba cha majeneza kilipangwa ili macho yaanzie kwenye mahogani iliyong'arishwa na kushuka taratibu hadi mwaloni, na jeneza la msonobari, lisilopakwa rangi wala kutiwa msumari wa chuma, lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango, kama fagio. Muuzaji hakusema uongo. Alisema kwamba yale ya mahogani nayo yameunganishwa kwa vigingi vya mbao na yanaruhusiwa na dini, akaongeza kwamba mzee wetu alistahili heshima. Bei ya lile la mahogani ilikuwa mara nane ya lile la nyuma ya mlango.

Mke wangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa hajasema neno, alinyosha kidole akaonyesha nyuma ya mlango. Baadaye aliniambia habari iliyomo katika Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, kwamba zamani gharama za kumzika mtu ziliwalemea ndugu kuliko kifo chenyewe, hadi wengine wakawa wanamwacha maiti na kukimbia, mpaka Rabani Gamalieli, mtu mkubwa aliyeweza kuzikwa kwa fahari yoyote, alipoagiza azikwe kwa nguo za kitani tu, na watu wote wakamfuata. Tangu hapo sanda ni moja kwa tajiri na maskini, nyeupe, imeshonwa kwa mkono, haina fundo wala mfuko. Kwa hiyo katika mazishi ya Kiyahudi kile kinachotakiwa na dini ndicho cha bei ya chini kabisa katika orodha, na kila kinachopanda bei kimeongezwa na mtu mwingine. Mteja akilijua hilo kabla hajaingia katika chumba cha majeneza, nusu ya kazi imekwisha.

Tulikwenda kwa kampuni ya tatu, ndogo, yenye ofisi mbili na gari moja, ambayo ilinisomea orodha yake ya bei kwa simu bila kupumua, na kazi yake ilikuwa safi: ilimchukua marehemu hospitalini, ikashughulikia hati ya kifo na kibali cha kuzika, ikapata sanda, jeneza na gari, na ikatuma ankara yenye mistari inayosomeka. Lawama yangu ni moja. Malipo ya mlinzi, yaani mtu anayekaa na maiti usiku kucha akisoma Zaburi ili asiachwe peke yake, yaliandikwa kwa saa badala ya kwa usiku, nasi hatukuuliza, na saa za mikesha miwili zilikusanyika kuliko tulivyodhani.

Sasa nije kwa huduma bora kuliko zote, nayo ni ile isiyokuwa na bei. Jumuiya nyingi za Kiyahudi zina kikundi kinachoitwa hevra kadisha, maana yake ushirika mtakatifu, ambacho kazi yake ni kuosha na kuvika maiti. Katika sinagogi ya baba mkwe wanakikundi hao ni watu wa kujitolea: mwalimu mstaafu, fundi bomba, mhasibu, daktari wa meno. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Kitendo chenyewe wanakiita tahara, na niliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilicheka katikati ya msiba, kwa sababu bibi yangu alikuwa akinifukuza jikoni akisema sina twahara. Ni neno moja, mzizi mmoja wa Kiebrania na Kiarabu, kama vile ambavyo kaburi kwao ni kever na siku saba za matanga yao zinaitwa shiva, ambayo si kitu kingine ila saba.

Mimi sikuruhusiwa kuingia, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na Wayahudi wenyewe, na sikuona vibaya; baba yangu mwenyewe nilimwosha kwa mikono yangu mwaka ule alipofariki, na ninajua kwa nini chumba kile hakiingiwi na kila mtu. Lakini fundi bomba alikuwa radhi kunieleza tukiwa tumesimama nje kwenye baridi. Kwanza husafisha mwili sehemu kwa sehemu, wakifunua ile wanayoiosha tu na kuirudishia shuka. Kisha humimina maji ya kipimo cha kavi tisa, kipimo cha kale cha Kiyahudi, ambayo wao huhesabu kuwa kama lita 23, kwa ndoo tatu, na ndoo ya pili huanza kumwagwa kabla ya ya kwanza kwisha ili mkondo usikatike. Hawampitishii kitu juu ya mwili wake, hawamlazi kifudifudi, hawazungumzi mambo ya dunia. Mikanda ya sanda husokotwa na kupitishwa bila kufungwa fundo. Alifunikwa shali yake ya sala, ambayo pindo lake moja lilikatwa kwa kuwa hatasali tena, na udongo kidogo wa Yerusalemu ukawekwa ndani ya jeneza. Mwishoni humwita kwa jina lake la Kiebrania na kumwomba msamaha, iwapo katika kumhudumia wamemvunjia heshima bila kujua. Nilimwambia fundi kwamba kwetu tunatia kafuri na tunaanza upande wa kulia. Akaniuliza kafuri inanukiaje.

Hawakutaka malipo. Tulitoa sadaka kwa kikundi, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyetutajia kiasi. Anayechagua kampuni ya mazishi na aulize kwanza iwapo inafanya kazi na hevra kadisha ya jumuiya au ina watu wake wa kulipwa, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua jeneza baadaye na kukagua kazi, nasi tunasema maiti haulizwi sanda.

Suala la makaburi lilinichukua muda mrefu kuliko yote, na ni hapo familia nyingi hukosea, kwa kuwa hudhani kwamba kununua kaburi ni kama kununua kiwanja cha nyumba. Katika jimbo la New York kampuni ya mazishi hairuhusiwi kumiliki makaburi, wala makaburi kumiliki kampuni ya mazishi. Ni milango miwili, mikataba miwili na hundi mbili, na ile kanuni ya bei niliyoitaja kwa kawaida haiyafikii makaburi. Hapo mteja asingoje kupewa orodha mkononi, bali aiombe mwenyewe kwa maandishi: bei ya mahali, bei ya kuchimba na kufukia, bei ya msingi wa jiwe, na fedha za matunzo.

Baba mkwe hakuwa ametuachia wosia wa mahali, lakini alikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo hilo mlikuwa na hati ya baba yake. Kueleza hati hiyo kunahitaji historia kidogo. Mwaka 1847 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyoruhusu kuanzishwa kwa makaburi makubwa nje ya mji, na kwa kuwa Manhattan ilikuwa ikifunga milango yake kwa wafu, ardhi ya Queens ndiyo iliyowapokea. Wayahudi waliokimbia umaskini na mashambulizi katika Ulaya ya Mashariki walipofika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa mji mmoja walikusanyika wakaunda jumuiya ya watu wa kwao, ambayo kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, huitwa landsmanshafti. Jumuiya hiyo ilikusanya ada, ikamtibu mgonjwa, ikamsaidia mjane, na jambo la kwanza kubwa ililofanya ikishapata fedha ni kununua kipande cha makaburi. Ukitembea Queens utaona malango ya mawe yenye jina la mji wa mbali uliosahaulika, na chini yake majina ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ya makaburi. Kwa mtu wa Tanga hicho ni chama cha kufa na kuzikana, na hakihitaji kutafsiriwa.

Jumuiya ya babu yake mke wangu ilikuwa ya watu wa mji mdogo karibu na Grodno, ambao leo uko Belarus, na hati ilisema kwamba yeye na uzao wake wana mahali pa watu wanne. Wawili walikuwa wameshalala. Tatizo ni kwamba hati ilitaka kibali kitiwe saini na katibu wa jumuiya, na katibu wa mwisho alikuwa ameshazikwa humo humo, safu mbili mbele. Jumuiya nyingi za aina hii zimekufa kwa sababu wanachama wamekwisha na watoto wao hawakuona haja ya kujiunga. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, na sikuuona umeandikwa mahali popote: hati halali ya mahali halali pasipo mtu wa kuitia saini.

Karani wa ofisi ya makaburi, mwanamke mtu mzima aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alituokoa. Hakufungua kompyuta. Alivuta droo ya kadi, akaenda moja kwa moja kwenye jina la jumuiya, akatoa ramani ya karatasi iliyochoka kwenye mikunjo, akaweka kidole: kaburi la babu, kaburi la bibi, nafasi, na nafasi. Alimwelekeza mama mkwe aandike tamko la urithi mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuthibitisha viapo, ambaye alikuwa ghorofa hiyo hiyo, na baada ya saa moja na dakika kadhaa tulikuwa na kibali. Kama kuna alama ya juu kabisa ya kutoa katika tathmini hii, baada ya hevra kadisha, ni ya droo ile.

Lakini nafasi mbili zilizobaki hazikuwa bega kwa bega. Moja ilikuwa pembeni mwa babu, na nyingine nyuma yake, miguuni. Mama mkwe na mumewe waliishi pamoja miaka 52, na mimi niliona kwamba jambo hilo pekee lilitosha kutupeleka mahali pengine, nikaipigia simu ofisi ya makaburi ya Long Island. Katika eneo la Pinelawn yapo makaburi kadhaa makubwa ya Kiyahudi, na reli ya Long Island ina kituo chake hapo, na nafasi za watu wawili pamoja zilikuwepo bila shida. Tulikwenda. Nyasi zilikuwa safi kuliko za Queens, barabara pana, ofisi yenye kahawa. Masharti yalikuja yakidondoka moja moja: lazima jeneza liwekwe ndani ya sanduku la zege ili ardhi isititie, na katika sehemu iliyobaki mawe yote yalale bapa ili mashine za kukata nyasi zipite. Nilipouliza kuhusu zege, nikijua kwamba Wayahudi wanataka mwili urudi mavumbini, niliambiwa kwamba sanduku huwa halina kitako, na kwamba wengi wa marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi, wamelikubali. Ni kweli wengi wamelikubali. Mama mkwe alitazama uwanja ule mpana usio na jiwe hata moja lililosimama, akasema unafanana na uwanja wa gofu, na kwamba mumewe alichukia gofu.

New Jersey tuliiacha kwa simu tu. Bei zilikuwa nafuu, nami ninaishi Jersey City, lakini mwanamke wa miaka 78 asiyeendesha gari, anayeishi Brooklyn, hatavuka mito miwili kumzuru mumewe, ilhali Queens anakwenda kwa treni na basi moja. Watu wanaochagua makaburi huangalia mandhari siku ya mazishi na kusahau kuuliza basi.

Tukiwa tunarudi kutoka Long Island mama mkwe ndiye aliyeamua. Alisema kwamba kwa miaka 52 alilala upande wa ukutani, na kwamba akilazwa miguuni pake angalau mzee atanyoosha mikono. Tulirudi Queens kabla ofisi haijafungwa. Kasoro za Queens tulizipokea kwa macho: vipande vya jumuiya zilizokufa bila kuacha fedha za matunzo ya kudumu vimejaa magugu na mawe yaliyoinama, na kipande cha jirani, ambacho familia zake bado hulipa kila mwaka, kimekatwa vizuri, na mpaka wa nyasi unaonekana kama umepigwa rula. Tulilipia matunzo ya kudumu ya makaburi yote manne siku hiyo hiyo. Namshauri yeyote afanye hivyo, kwa kuwa ada ya mwaka ni deni la wajukuu.

Lipo swali ambalo familia zilizochanganyika kama yetu haziwezi kulikwepa, nalo ni iwapo mimi ningeweza kuzikwa pale pembeni mwa mke wangu. Jibu katika kipande cha jumuiya ni hapana, na karani alilisema bila kuzungusha na bila kunidharau. Kuna mfano maarufu hapo hapo Queens. Harry Houdini, bingwa wa kujifungua minyororo, mtoto wa rabi, alifariki tarehe 31 Oktoba 1926 akazikwa pamoja na wazazi wake katika makaburi ya Machpelah. Mkewe Bess, aliyekuwa Mkatoliki, alifariki mwaka 1943 na akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Gate of Heaven, mbali kaskazini, ingawa jina lake lilikuwa limeshachongwa kwenye jiwe la Queens. Makaburi hayo ya Machpelah yamepewa jina la pango la Makpela ambalo Nabii Ibrahimu alilinunua Hebroni ili amzike Sara, akikataa kupewa bure na kulipa shekeli mia nne za fedha mbele ya mashahidi, na sijui mkataba wa kaburi ulioandikwa kwa uangalifu zaidi. Siku hizi makaburi kadhaa, hasa yanayohusiana na masinagogi ya mrengo wa mageuzi, yana sehemu ambazo mume na mke wa dini mbili hulala pamoja. Anayelitaka hilo aulize kabla ya kufungua kopo lolote la biskuti, kwa sababu hati ya urithi huwa na mvuto wake, na ukishamlaza mmoja kwenye kipande cha jumuiya umeshaamua juu ya mwingine. Mimi na mke wangu bado hatujaamua.

Kwa asiye na uwezo kabisa, New York ina Hebrew Free Burial Association, ambayo tangu mwaka 1888 imekuwa ikiwazika Wayahudi maskini kwa taratibu zote za dini bila malipo. Makaburi yake ya Mount Richmond yako Staten Island, na humo wamo baadhi ya wasichana waliokufa katika moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle mwaka 1911. Sanda yao ni ile ile.

Siku ya Ijumaa wafanyakazi wa makaburi walikuwa tayari kabla yetu, kaburi limenyooka kingo, na lundo la udongo halikufunikwa kwa zulia la nyasi bandia, kama tulivyoomba. Rabi alikata ukingo wa koti la shemeji na la mke wangu upande wa kushoto, juu ya moyo, kama inavyofanyika kwa mzazi. Jeneza lilibebwa kwa vituo saba, likishushwa mwendo kila mara huku Zaburi ya 91 ikisomwa. Kisha familia ikafukia yenyewe. Koleo la kwanza huchota kwa mgongo wake, ili kuonyesha kwamba kazi hii haifanywi kwa haraka ya kazi nyingine, na mtu hampi mwenzake koleo mkononi bali hulichomeka kwenye udongo na anayefuata akalichukua. Hapo nilitoa koti. Wachimbaji walikuwa na mashine imewashwa kwa mbali, na mmoja wao alikuja kuuliza iwapo waimalizie kazi, kwa sababu mazishi mengine yalikuwa yakisubiri. Shemeji alimwambia tutamaliza sisi. Alirudi akazima mashine, akasubiri, na mwisho akaja na koleo lake mwenyewe akatusaidia kusawazisha.

Ili kadishi, yaani sala ya wafiwa, isomwe lazima wawepo Wayahudi kumi watu wazima, na Ijumaa asubuhi watu wako kazini. Tulikuwa na tisa, mimi nisipohesabiwa. Wa kumi alikuwepo, rafiki wa utotoni wa marehemu, ila yeye ni wa ukoo wa makuhani, ambao hawakanyagi makaburini, na alikuwa amesimama barabarani ng'ambo ya lango. Rabi alitazama umbali, akamwita asogee hadi ukingo wa lami, na kwa kuwa kipande chetu kiko kando ya barabara, akahesabiwa kutoka pale alipo. Sikuwahi kufikiri kwamba kaburi la karibu na barabara lina thamani hiyo. Karani alikuwa amelitaja jambo hilo Alhamisi nami sikulitilia maanani. Tulipotoka, watu walijipanga safu mbili, wafiwa wakapita katikati wakipewa maneno ya faraja, na langoni palikuwa na bomba la kunawa mikono.

Ankara ya makaburi ilifika wiki mbili baadaye ikiwa sawa na tulivyoandikiana, senti kwa senti. Kilichobaki ni jiwe, ambalo kwa desturi hufunuliwa ndani ya mwaka, na hilo nalo ni biashara ya tatu yenye mlango wake: mchongaji hulipwa mbali, na makaburi hutoza msingi wa zege na kukagua vipimo, kwa kuwa kila kipande kina urefu wake wa mwisho. Mchongaji tuliyempata, ambaye naye simtaji, ana mkono mzuri lakini alituletea mchoro wenye kosa la herufi moja katika jina la Kiebrania la marehemu, herufi mbili zinazofanana mno machoni mwa asiyezisoma. Mama mkwe aliliona bila miwani. Sasa mchoro wa pili umerudi ukiwa sahihi, nimeupiga picha pamoja na saini, na nakala nimeiweka ndani ya kopo la biskuti, juu ya hati ya babu na kibali cha nafasi ya nne.